Filimbi ya Mgambo Kwenye Meza ya Karata

Mimi ndiye yule mwalimu aliyekitoa kijiji kizima majumbani na pinde na mikuki kwa sababu ya karata. Nalisema mapema mwenyewe, maana mke wangu akipita hapa akakuta nasimulia atalisema yeye, na yeye akilisema hulisema vibaya zaidi, anaongeza na namna nilivyokuwa nakimbia.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, vijiji vya ujamaa bado vipya, mimi kijana nimetoka chuo cha ualimu na kupangiwa Rhotia, milimani karibu na Karatu, mtu wa Muheza kule Tanga ambaye baridi nilikuwa naisikia redioni tu. Nilifika na shati la kola ndefu, suruali ya bugaluu yenye miguu mipana na viatu vya raizoni (vile vya soli nene kama tofali, ukivivaa unaongezeka urefu na kupungua akili), nikadhani nimekuja kuwafundisha watu wa Rhotia ustaarabu. Kumbe walikuwa nao wa kutosha, tena wa zamani, ila hawakuwa na haraka ya kunionyesha.

Jioni tulikuwa tunacheza karata katika ghala la ushirika, watu wanne mezani, wawili wawili, zile za turufu ambazo wanaofikisha sitini na moja ndio washindi wa mchezo. Ulikuwa ni mchezo wa pwani, umeletwa na dereva wa lori la ushirika, Elia, na mimi nilipofika nikauongezea madoido. Wazee wa Kiiraqw, wenyeji wa pale, waliupokea vizuri ajabu, na hakuna aliyeupokea vizuri kumshinda Mzee Lohay.

Mzee Lohay alikuwa mkulima, mwenye koti la jeshi lililomfika magotini, na alikuwa na ugonjwa mmoja: akiwa mbele kwa pointi, mikono yake inaganda. Zamu yake ikifika anakohoa. Anazipanga karata zake upya kuanzia mwanzo. Anauliza turufu ni ipi, wakati turufu iko wazi mbele ya pua yake. Anatoa ugoro, anaunusa, anapiga chafya, anasubiri aombewe afya, anashukuru. Kisha anamgeukia jirani yake na kumuuliza kama yule mtamba wake ameshazaa. Lakini akiwa nyuma kwa pointi, jamani, alikuwa anatupa karata kama mtu anayefukuza nyuki! Hapo ndipo nilipojua kwamba haukuwa uzee, ilikuwa hila.

Na hila ile ilikuwa na faida, maana mafuta ya taa yalikuwa ya shida siku zile na karabai la ghalani lilikuwa limelala miezi, hivyo tulikubaliana kwamba jua likizama na karata zisipoonekana, aliye mbele ndiye mshindi. Mzee Lohay alikuwa anapata ushindi mwembamba mapema, halafu anakaa juu yake kama kuku anayeatamia, hadi giza linakuja kumkabidhi mchezo.

Ikafika Saba Saba. Kijiji kikaandaa mashindano makubwa ya karata, zawadi beberu mmoja mnene na mche wa sabuni (na wewe uliyekuwapo enzi zile unajua kwamba watu walikuwa wanamtazama beberu kwa heshima lakini sabuni walikuwa wanaitazama kwa machozi). Katika mkutano wa maandalizi nikasimama, raizoni chini, kifua mbele, nikatoa hotuba kuhusu nidhamu ya wakati. Nikasema kuvuta muda kwa makusudi ni aina ya wizi. Nikasema mchezaji anayechelewesha wenzake anastahili kuonywa hadharani na akirudia karata yake ihesabiwe imekufa. Nikasema lazima awepo mwamuzi asiyeogopa uso wa mtu. Watu wakapiga makofi, na bila shaka mnajua aliyechaguliwa kuwa mwamuzi asiyeogopa uso wa mtu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Baridi kali, ukungu ukaondoka mchana, ghala limejaa, na mimi nimesimama kichwani mwa meza nikisema "Muda!" na watu wanatupa. Nilijisikia kama mkuu wa wilaya. Fainali ikawakutanisha Mzee Lohay na fundi cherehani aitwaye Petro, upande mmoja, na upande wa pili Elia dereva na Sulle, kamanda wa mgambo wa kijiji. Mzee Lohay na Petro wakashinda mchezo wa kwanza. Basi. Mikono ya mzee ikaganda.

"Muda, Mzee," nikasema.

"Upo, mwalimu," akajibu bila kuniangalia. "Mungu anauleta kila asubuhi."

Watu wakacheka. Nikapiga makofi karibu na sikio lake, akasema asante, alidhani nampongeza. Nikagonga meza, karata za Petro zikaanguka, ikabidi zipangwe upya, muda ukapotea zaidi. Nikatangaza onyo la hadharani. Mzee akaomba aelezwe maana ya onyo, nikamweleza, akaomba nirudie kwa ajili ya waliokaa nyuma. Elia alikuwa anatafuna kofia yake. Kamanda Sulle, ambaye alikuwa amevua buti zake mpya chini ya meza kwa sababu zilikuwa zinambana, akanivuta shati akanipa kitu mkononi. Filimbi. Filimbi yake ya kazi, ya chuma, yenye kamba ya kijani.

"Kidogo tu, mwalimu," akaninong'oneza. "Kidogo, kama unaita vifaranga. Isisikike nje."

Hapa ndipo palipokuwa na uamuzi mdogo uliozaa yote yaliyofuata. Ningeweza kumrudishia. Ningeweza kuipuliza kama ninayeita vifaranga. Na niseme kweli, nilikuwa nimeambiwa siku niliyofika kijijini, pamoja na mambo mengine mengi, kwamba filimbi ndefu moja maana yake ni mkutano na filimbi fupi fupi za mfululizo maana yake ni wezi wa ng'ombe. Niliitikia kwa kichwa kama mgeni anavyoitikia, huku nawaza nitapata wapi blanketi la pili.

Mzee Lohay akainua karata. Ghala zima likavuta pumzi. Akaitazama, akatikisa kichwa, akairudisha mkononi na kutoa ugoro.

Nikapuliza. Nikapuliza fupi fupi, mfululizo, kwa mapafu yangu yote ya ujana, kama refa aliyeona mtu anang'olewa mguu.

Nilipoacha, palikuwa kimya. Nikadhani ni kimya cha heshima. Nikamwona Kamanda Sulle amenyanyuka nusu, mdomo wazi, macho yake yako mlangoni.

"Mwalimu," akasema polepole, "umefanya nini?"

Kule nje, mbali, mwanamke akapiga yowe. Yowe likapokewa na mwingine juu ya kilima, na mwingine bondeni, halafu kengele ya kanisa ikaanza, na mbwa, na milango ya mazizi ikawa inafungwa kwa kishindo nyumba hadi nyumba. Mwezi uliopita tu wezi walikuwa wamechukua ng'ombe kule Daa na mtu mmoja alichomwa mkuki wa paja. Watu walikuwa wanalala sikio moja wazi, na mimi nikawapulizia.

Kamanda akaingia chini ya meza kutafuta buti zake. Buti moja ilikubali, ya pili ikakataa. Mimi nikatoka nje mbio ili nieleze, na kama ningebaki ndani hata kidogo tu, pengine leo nisingekuwa na hadithi. Maana wanaume walikuwa wanafika kutoka kila upande, na pinde, na mikuki, na majembe, mmoja ana ngao, mmoja ana mwiko wa ugali (sijui alikuwa anapika nini), wote wanauliza kwa pamoja, "Wapi? Wapi?" Nikainua mkono wangu juu, kiganja wazi, namna mwalimu anavyonyamazisha darasa, kuwaambia ngojeni. Mkono ukaelekea barabara ya Ngorongoro.

"Kule!" mtu akapaza sauti, na wote wakaondoka.

Jamani, mtu akishaelekezwa na mkono wa mwalimu hangoji maelezo. Nikawafuata nikipiga kelele "Hapana! Hapana!" na wale wa nyuma wakaelewa "Haraka! Haraka!" wakaongeza mwendo. Nilikuwa nakimbia na raizoni kwenye shamba la kijiji la ngano, ngano imeshakauka inangoja kuvunwa, bugaluu inakusanya majani kama fagio, naanguka, nainuka, naanguka. (Hapa ndipo mke wangu hupenda kuonyesha kwa vitendo.)

Halafu nikaona ng'ombe.

Alikuwepo mzee wa Kimasai njiani, peke yake, anarudi Ngorongoro na ng'ombe wake wachache aliowanunua mnadani kule chini bondeni, anatembea zake taratibu, na sasa alikuwa amezungukwa. Ng'ombe walikuwa wametawanyika ndani ya ngano. Yeye alikuwa amesimama mgongo umegusa ubavu wa dume lake, shuka limeshuka begani, sime mkononi, anawatazama wale wenye pinde mmoja mmoja kama anayechagua atakwenda na nani. Kijana mmoja wa mbele alikuwa ameshavuta upote hadi sikioni.

Sikucheka hapo, na hata leo nikifika hapa huwa sicheki. Nilielewa kwamba kuna maneno mdomoni mwangu yatakayoniaibisha hadi nife, na kwamba nisipoyasema atakufa mtu mwingine. Nikapenya katikati ya watu, nikasimama mbele ya yule mzee, mikono juu, filimbi inaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi.

"Hakuna mwizi!" nikasema. "Ni mimi! Nimepuliza mimi!"

"Umeona nini?" akauliza yule kijana, upinde bado umevutwa.

"Sikuona kitu. Teremsha upinde, ndugu yangu, nakuomba."

Akauteremsha. Lakini hawakuridhika, na nani angeridhika? Wakati huohuo akafika Mama Lohay, mke wa mzee wetu, ana mchi wa kinu begani, anahema, na watu wakampisha kwa sababu alikuwa mwanamke wa kupishwa.

"Wameniambia filimbi imelia ghalani," akasema. "Mume wangu yuko ghalani. Wamemuua?"

"Hapana, Mama. Mzima kabisa."

"Wamemjeruhi?"

"Hapana, Mama."

"Sasa amefanyaje?"

Nikatazama chini. Soli ya raizoni yangu ya kulia ilikuwa imeachama.

"Amechelewa kutupa karata," nikasema.

Upepo ulikuwa unapita kwenye ngano, basi. Nadhani kama wangenipiga pale pale ningeshukuru. Mama Lohay akaushusha mchi chini, akaegemea, akanitazama kutoka viatuni hadi kwenye nywele.

"Mwalimu," akasema, "yule hata kunichumbia alichukua misimu mitatu ya mavuno. Na mimi sikumpulizia mtu filimbi."

Hapo kicheko kikapasuka. Walicheka wakiwa wameshikana mabega, wengine wamekaa chini kabisa kwenye ngano, mwenye mwiko alikuwa anaupiga mwiko pajani. Mimi nilibaki nimesimama katikati, mtu mzima, mwalimu wa hesabu, nachekwa na jeshi.

Yule mzee wa Kimasai hakucheka. Alirudisha sime alani, akapandisha shuka begani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuhesabu hatua:

"Mimi... nilitaka kufa hapa. Kwa sababu ya nini?"

"Karata, Mzee. Nisamehe."

"Karata ni nini?"

Nilikuwa na seti ya akiba mfukoni. Nikatoa karata ya juu nikampa kwa mikono miwili, na ikawa ni mfalme wa kopa. Akamsogeza karibu, akamsogeza mbali.

"Huyu ni nani?"

"Ni mfalme, Mzee."

"Ng'ombe wake wako wapi?"

Nikasema hana ng'ombe. Akanirudishia karata yangu kama mtu anayerudisha kitu kilichooza, akamwambia aliyekuwa karibu naye neno moja tu, layoni, ambalo baadaye nilielezwa kwamba ni mvulana ambaye bado hajafikia jando, na kwamba alikuwa amenihurumia kuniita hivyo, maana mvulana hauawi.

Jina lake lilikuwa Leboo. Ng'ombe wake tuliwakusanya sisi wote, yaani mimi nikiwa mbele, kiatu kimoja mkononi, na kila nilipomkaribia mtamba mmoja mweusi alikuwa ananikimbia kwa dharau. Ngano iliyolazwa chini haikulazwa na ng'ombe, ililazwa na sisi. Mtamba alipokubali, wazee wakasema shauri haliwezi kulala, liamuliwe leo leo, hivyo sote tukarudi ghalani, na Leboo akakaribishwa kiti cha mbele.

Sasa ninyi mnaopenda haraka, hamjawahi kuhukumiwa na wazee wa Kiiraqw. Kila mmoja alizungumza. Kila mmoja alianza na salamu, akapita kwenye mvua za mwaka ule, akaeleza mayowe ya kweli aliyowahi kuyaitikia ujanani, wapi na pamoja na nani, kisha akaja kwenye kosa langu kwa mbali, kama mtu anayezunguka zizi kabla ya kuingia. Kamanda Sulle naye akasimama na buti moja, akakiri kwamba filimbi aliitoa yeye, akapewa sehemu yake ya maneno. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gunia, sithubutu hata kujikuna. Mwisho wakatoa hukumu: nitoe kondoo na pombe, viliwe na kunywewa pamoja na Leboo, ili asiondoke na uchungu wetu moyoni, na msimu wa kulima nilime pamoja na wengine kufidia ngano. Nikasema nimekubali. Kwa kweli niliona nimeponea.

Hukumu ilipokwisha, Elia dereva akauliza, "Na fainali?"

Tukageuka mezani. Mzee Lohay alikuwa amekaa palepale. Alikuwa hajatoka tangu filimbi ilie. Kijiji kimekimbia, kengele zimepigwa, mke wake amebeba mchi kwenda kumlipia kisasi, na yeye amekaa, karata zake kifuani, koti limefungwa juu yake.

"Mzee, hukutoka?" nikamuuliza.

"Nilikuwa naogopa mtu asije akaziona," akasema.

Kisha, taratibu, akachomoa karata moja na kuiweka mezani kwa heshima zote. Watu wakainama. Jua lilikuwa limeshazama, ghala ni giza, na hakuna aliyeweza kujua kama ile ilikuwa ree au ghulamu.

"Nimetupa, mwalimu," akasema. "Ni ipi, hata mimi sijui."

Aliyekuwa mbele ni yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu, na mwamuzi asiyeogopa uso wa mtu ikambidi amtangaze mshindi yule yule aliyempulizia filimbi. Nilipiga hesabu kichwani baadaye, hesabu ndiyo kazi yangu: Mzee Lohay na ugoro wake wote na chafya zake zote, tangu ajifunze kucheza, hakuwahi kupoteza muda kama nilioupoteza mimi jioni ile moja. Beberu alimfunga kamba akaenda naye. Sabuni alichukua Mama Lohay, bila kungoja apewe.

Miezi kadhaa ilipita, aibu ikapungua kidogo, yaani watoto waliacha kupiga miluzi nikipita. Siku moja ya mnada nikiwa Karatu nikaguswa bega na fimbo, kugeuka, Leboo. Nikamwamkia kwa kichwa kuinama, akanigusa utosini kama wanavyofanya kwa vijana wao. Akasema amelifikiria lile jambo huko nyumbani Ngorongoro, na anataka nimfundishe ule mchezo wa mfalme asiye na ng'ombe.

Tukakaa kwenye meza ya kibaraza cha duka, Elia akawa wa tatu, muuza duka wa nne. Nikaeleza turufu, nikaeleza pointi, nikagawa. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Leboo. Akalaza fimbo yake chini vizuri. Akazitazama karata zake. Akauliza baba yangu hajambo? Nikasema hajambo. Mama? Hajambo. Kule Tanga mvua zimenyesha? Nikasema sijui, Mzee, natumaini. Akazitazama tena karata, akaanza na ya kwanza. Elia alikuwa ameshaanza kutafuna kofia na chini ya meza alikuwa ananipiga teke, mwambie basi, wewe si ulikuwa mwamuzi, mwambie!

Mimi nimeapa, na kiapo hicho nimekishika hadi mvi hizi: mtu akiwa na karata mkononi hata akitaka kulala nazo, alale. Nikaegemea ukuta, nikavuta shuka langu (nilikuwa nimeshajifunza kuvaa shuka), nikatazama barabara. Kikohozi kilinijia kooni.

Nikakimeza, Leboo asije akadhani namharakisha.